Mtungi wa gesi na pumzi isiyorudi

Miezi kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja mkoani Tanga, nilisimama nyuma ya umati wakati mitungi ya gesi ya kilo sita ikiuzwa kwa bei ya ruzuku. Msemaji alishika kipaza sauti akawaambia kina mama kwamba kuanzia siku ile moshi kwaheri, na vikohozi vyao wataviona vikiondoka vyenyewe. Vigelegele vikapaa. Mbele yangu alikuwa mama wa makamo ambaye nilimwona akisimama mara mbili kupumzika alipokuwa akipanda kilima kidogo cha kufika pale shuleni. Naye alipiga kigelegele chake. Kikakatikia njiani, akainama, akakohoa mpaka jirani yake akampokea mkoba.

Naunga mkono kampeni ya nishati safi ya kupikia, tena bila kusitasita. Lakini ahadi aliyopewa mama yule si ya kweli. Mapafu yaliyokwisha kuharibiwa na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao madaktari huuita COPD, hayarudi yalivyokuwa kwa sababu jiko limebadilishwa. Kinachoweza kubadilika ni kasi ya kuendelea kupungua kwa nguvu zake. Na fungu kubwa la faida haliko kwa mama huyo hata kidogo. Liko kwa mtoto aliye mgongoni mwake, na kwa yule ambaye bado hajazaliwa. Tusipolielewa hilo tutaupima mkakati mzima kwa kipimo kisicho chake, tutauona umeshindwa wakati haujashindwa, na njiani tutakuwa tumewasahau wagonjwa tulionao leo.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Dar es Salaam Mei 2024, lengo likiwa kuifikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Paris kama mwenyekiti mwenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Misitu imetajwa sana, na ni haki yake, lakini kinachomgusa mwananchi kwenye mikutano ya hadhara ni afya: serikali imekuwa ikitaja vifo 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa majumbani. Sina ugomvi na uzito wa hoja hiyo. Ugomvi wangu ni na namna inavyosimuliwa, kana kwamba moshi ni mwiba: ukichomolewa, kidonda kinapona.

Anayetaka kuelewa kwa nini mapafu hayafuati hadithi ya mwiba aanze na kadi ya kliniki. Kila mama aliyewahi kubeba mtoto kwenda kupimwa uzito anaujua ule mstari unaopanda kwenye kadi, na anajua muuguzi hukunja uso unapolala. Mapafu nayo yana mstari wake, ila hakuna anayeuchora. Hupimwa kwa spirometa: mtu anavuta hewa mpaka kifua kijae, kisha anapuliza kwa nguvu zake zote bila kuacha, na mashine inaandika kiasi cha hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na kiasi chote kilichotoka mpaka mwisho. Kile cha sekunde ya kwanza ndicho kinachofuatiliwa mwaka hata mwaka. Hupanda tangu utotoni mpaka mtu afikie miaka 20 na kidogo, hukaa pale juu kwa muda, kisha huanza kushuka taratibu kwa kila binadamu, mgonjwa na mzima. Hata asiyewahi kuona sigara wala mafiga hupoteza kama mililita 20 hadi 30 kila mwaka. Kikombe kimoja cha chai ya mkono mmoja kwa muongo, tuseme. COPD hutajwa pale ambapo, hata baada ya kupewa dawa ya kutanua njia za hewa, kinachotoka sekunde ya kwanza hakifiki asilimia 70 ya hewa yote aliyopuliza mgonjwa.

Kwa miongo mingi madaktari waliusoma mstari huo kupitia mchoro mmoja. Mwaka 1977 Charles Fletcher na Richard Peto walichapisha nchini Uingereza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minane wanaume 792 waliokuwa wakifanya kazi London. Walionyesha kwamba mvutaji ambaye mwili wake unadhurika kirahisi na moshi hushuka kwa mteremko mkali kuliko wenzake, na kwamba akiacha sigara hapati tena alichopoteza, lakini mteremko wake unalegea na kufanana na wa mtu asiyevuta. Ni ugunduzi mkubwa na haujapinduliwa. Marekani waliuthibitisha kwa kuwafuatilia wavutaji kwa miaka 11: wanaume walioendelea kuvuta walipoteza wastani wa mililita 66 kwa mwaka, walioacha moja kwa moja wakapoteza 30, na kwa wanawake ilikuwa 54 dhidi ya 22. Anayesema ameshachelewa kuacha sigara kwa kuwa kifua kimeshaharibika azitazame namba hizo mara mbili.

Ila mchoro wa Fletcher na Peto una jambo ambalo wanafunzi wengi wa udaktari wamelipita bila kulitazama. Mistari yake yote inaanzia mahali pamoja: miaka 25, asilimia 100. Mvutaji, asiyevuta, aliyeacha, wote wanaondoka kituo kimoja kama mabasi ya alfajiri, na tofauti yao ni mwendo tu. Wale wanaume wa London walikuwa na miaka 30 hadi 59 utafiti ulipoanza. Utoto wao haukupimwa. Kutokana na picha hiyo tukazoea kuamini kwamba COPD ni habari ya mteremko peke yake, ugonjwa wa wazee waliovuta sana, na kwamba kabla ya miaka 40 hakuna cha kutafuta kifuani.

Mwaka 2015 Peter Lange na wenzake waliiongezea picha hiyo kipande kilichokosekana. Walichukua takwimu za watu waliofuatiliwa miaka mingi Marekani na Denmark, wakatazama walikuwa na pumzi kiasi gani kabla ya miaka 40 na waliishia wapi. Karibu nusu ya waliopata COPD hawakuwa wameshuka kwa kasi. Walishuka kwa mwendo wa kawaida kabisa, mililita 27 kwa mwaka, lakini walianza safari wakiwa chini. Nusu nyingine walianza vizuri kisha wakaporomoka kwa mililita 53. Nitatoa hesabu ya mfano. Mwanamke wa kwanza akiwa na miaka 25 anatoa lita 3 katika sekunde ya kwanza na anapoteza mililita 25 kwa mwaka. Akifika 65 amebaki na lita 2, anapanda ngazi, anabeba mjukuu. Wa pili ana mwendo uleule wa mililita 25, ila alianza na lita 2.2 kwa kuwa alikulia kwenye moshi, alizaliwa na uzito mdogo na akaugua nimonia mara mbili kabla ya kuanza shule. Akifika 65 ana lita 1.2, na kutoka kisimani mpaka nyumbani ni vituo vitatu. Huyu wa pili mteremko wake hauna kasoro. Ungempima akiwa na miaka 40, ukampima tena akiwa na 50, ungesema anaendelea vizuri.

Hapa kwetu picha hii inaeleza mambo ambayo ile ya zamani ilishindwa kuyaeleza. Utafiti uliofanywa Masindi, Uganda, na kuchapishwa 2015 ulikuta COPD kwa asilimia 16.2 ya watu wenye umri wa zaidi ya miaka 30, na karibu wanne katika kila kumi kati yao walikuwa na miaka 30 hadi 39. Kwa mantiki ya mteremko wa sigara hilo haliwezekani. Mtu wa miaka 35 hajapata muda wa kuporomoka hivyo. Kwa mantiki ya kuanzia chini linawezekana kabisa. Huko Chikwawa, kusini mwa Malawi, watafiti walikuta jingine la kutia wasiwasi zaidi: wenye njia za hewa zilizoziba walikuwa asilimia 8.7, lakini asilimia 34.8 walikuwa na vipimo vinavyoashiria mapafu madogo, yaani hewa yote kwa jumla ni kidogo. Watu hao hawaitwi wagonjwa wa COPD, kwa sababu sekunde ya kwanza na hewa yote vimepungua kwa pamoja na ule uwiano wa asilimia 70 unabaki mzima. Ni kama kumpima mtu aliyedumaa kwa kulinganisha mkono wake na mguu wake, ukasema yuko sawa.

Na kuna fedheha nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Kwa miaka mingi spirometa zimekuwa na majedwali yanayofuata rangi ya ngozi: Mwafrika akipimwa, mashine inategemea apulize asilimia 10 hadi 15 pungufu ya Mzungu wa kimo na umri sawa na wake, na akifanya hivyo anaandikiwa kuwa mzima. Wazo hilo lilipigiwa debe katika karne ya 19 na madaktari wa Marekani waliotetea utumwa. Ni mwaka 2023 tu ambapo chama cha wataalamu wa mapafu cha Marekani kilishauri majedwali hayo yaachwe, litumike moja kwa watu wote. Sidai kwamba tofauti yote ya vifua duniani inatokana na umaskini na moshi. Maumbile ya mwili nayo yana sehemu yake. Lakini ukishasema upungufu ndio kawaida ya watu fulani, huna tena sababu ya kuuliza nani kaupunguza.

Turudi kwenye jiko. Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya kampeni ni ile ya bibi: bibi yangu kapika kwa kuni miaka 90, hakuwahi kulazwa, na chakula chake kilikuwa kitamu kuliko hiki cha gesi. Utamu siupingi. Lakini anayesimulia hadithi hiyo ni mjukuu wa aliyepona. Wajukuu wa bibi waliokufa na miaka 52 hawana cha kusimulia zaidi ya kusema alikuwa na pumu, au moyo, au alilogwa. Isitoshe bibi wengi wa zamani walipika uwanjani au kwenye banda la makuti lililopenya upepo, tofauti kabisa na chumba cha tofali na bati chenye kidirisha cha ukubwa wa kitabu. Na hata moshi ukiwa uleule, watu hawadhuriki sawa. Utafiti wa ECLIPSE, uliowafuatilia wagonjwa wa COPD kwa miaka mitatu na matokeo yake kuchapishwa 2011, ulikuta wastani wa kupungua ni mililita 33 kwa mwaka, ila nyuma ya wastani huo asilimia 38 walipoteza zaidi ya mililita 40, na asilimia 8 walionekana hata kuongezeka. Bibi mmoja aliyesalimika hathibitishi kitu, kama vile mvutaji mmoja aliyefika miaka 95 asivyothibitisha.

Hoja nzito inatoka kwa watafiti wenyewe, na kampeni ingefanya vema kuijibu badala ya kuikwepa. Malawi walijaribu majiko ya kuni yaliyoboreshwa katika vijiji 150, watoto zaidi ya 10,000, na matokeo ya 2017 yakaonyesha nimonia haikupungua. Wakosoaji wakasema tatizo ni kuni bado zinaungua, leteni gesi. Gesi ikaletwa: katika jaribio kubwa lililohusisha Guatemala, India, Peru na Rwanda, kina mama wajawazito walipewa jiko na mitungi bure. Watoto hawakuzaliwa na uzito mkubwa zaidi, na nimonia kali kwa wachanga haikupungua. Mtu akiniambia kwamba baada ya matokeo hayo fedha za mitungi zingejenga wodi za watoto, simwoni kama mpumbavu.

Simfuati, kwa sababu mbili. Majaribio hayo yalihesabu matukio ya mwaka mmoja au miwili, wakati ninachokizungumzia hapa huchukua miaka 20 kujengeka na mingine 30 kuonekana. Na pale watu walipokuwa na subira ya kupima vifua vyenyewe, walipata kitu. Kusini mwa California walipima vizazi vitatu vya watoto wa shule wakati hewa ya miji yao ikisafishwa kwa sheria kali. Kati ya miaka ya 1990 na 2011, vijana wa miaka 15 wenye pumzi chini ya asilimia 80 ya inayotarajiwa walishuka kutoka asilimia 7.9 hadi 3.6. Ule ulikuwa moshi wa magari na viwanda, nakubali, tena hafifu ukilinganisha na wa mafiga. Lakini ndio ushahidi ulio wazi zaidi nilionao kwamba mahali pa kuanzia panaweza kuinuliwa.

Mama wa kilima naye hakosi chake. Kusini mwa China wanavijiji karibu 1,000 walifuatiliwa miaka tisa baada ya kupewa nafasi ya kutumia gesi ya kinyesi na kuboresha upitishaji wa hewa jikoni. Waliofanya yote mawili walipunguza kasi ya kupungua kwa pumzi kwa mililita 16 kwa mwaka wakilinganishwa na wasiofanya lolote. Kwa miaka 20 hiyo ni zaidi ya robo lita, na kwa mtu aliyebakiwa na lita moja na nusu ndiyo tofauti kati ya kwenda sokoni mwenyewe na kumtuma mtoto. Hata hivyo Wachina wale hawakuchagua kwa kura ya bahati nasibu nani abadilishe jiko, kwa hiyo tusizibebe namba hizo kama msahafu. Na ziliwahusu waliobadilisha kweli. Kwetu mtungi mara nyingi hukaa pembeni kwa ajili ya chai ya asubuhi na wageni, huku maharage na makande yakirudi kwenye mkaa kwa sababu kujaza gesi ni fedha ya mkupuo na mkaa ni wa kopo. Mapafu hayahesabu idadi ya mitungi iliyogawiwa.

Shangazi yangu aliitwa mgonjwa wa pumu kwa zaidi ya miaka 10 katika hospitali aliyokuwa akitibiwa. Siku alipopulizishwa spirometa kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekaa pembeni. Muuguzi alimbana pua kwa kibanio akawa anaimba kama mtu anayemsukumia mwenzake gari: vuta, vuta, vuta, haya puliza, puliza, puliza, usiache bibi, bado, bado, bado. Akapewa dawa ya kuvuta, wakasubiri robo saa, akarudia. Namba haikusogea kwa maana yoyote: lita 0.9 kabla, lita 0.94 baada. Pumu kwa kawaida ingefunguka zaidi ya hapo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na COPD, na hajawahi kuvuta hata sigara moja maishani mwake. Dawa alizobadilishiwa zimempunguzia kubanwa usiku, na hilo si dogo. Lakini hata dawa nzuri za kuvuta kazi yake kubwa ni hiyo: katika jaribio la miaka minne lililotolewa 2008, lenye wagonjwa karibu 6,000, tiotropiamu, mojawapo ya dawa hizo, iliwapa nafuu na kupunguza vipindi vya kuzidiwa, ila mteremko wao wa mwaka hata mwaka haukubadilika. Zile sindano mpya zilizoidhinishwa Marekani tangu 2024 ni za kundi dogo la wagonjwa, kwa bei ambayo hapa haifai hata kuitaja.

Ndiyo maana nasema kazi ni mbili na hazipaswi kuchanganywa. Wagonjwa waliopo wanahitaji kutambuliwa kwa jina la ugonjwa wao, kupewa dawa zinazopatikana, kuachishwa sigara wanaovuta, na kufundishwa mazoezi ya pumzi. Pa kuanzia si pageni: kliniki za kifua kikuu. Mtu anamaliza miezi sita ya vidonge, makohozi yanaonekana safi, anapigiwa makofi na kuandikiwa amepona, wakati mapafu yake yamebaki na makovu ambayo miaka michache baadaye yatamrudisha akiwa anahema, apewe tena dawa za TB asizohitaji. Kumpulizisha spirometa siku ile ya mwisho kungegharimu dakika 20. Azimio la afya ya mapafu lililopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani Mei 2025 linataka hasa magonjwa ya kifua yashughulikiwe kwa pamoja namna hiyo, na nchi wanachama hazina tena kisingizio cha kuyaweka kwenye madawati tofauti yasiyosalimiana.

Kazi ya pili ni kuupima mkakati kwa watoto. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule ulipozinduliwa atakuwa na miaka 10 lengo la asilimia 80 litakapofika ukomo wake, mapafu yake bado yakikua. Kilele chake kitaonekana karibu 2049. Hakuna waziri atakayesubiri mpaka hapo, na simlaumu. Lakini wanafunzi wa miaka 15 wapo leo, Handeni na Kinondoni, Sumbawanga na Moshi, waliokulia kwenye kuni na waliokulia kwenye gesi. Achukuliwe kila mmoja kimo, umri, na pumzi tatu nzuri kwenye spirometa inayotosha kwenye mkoba, kwa jedwali moja la watu wote, na warudiwe wenzao wa umri huohuo kila baada ya miaka mitano. Ni lazima zoezi hilo lianze kabla mitungi haijaenea, maana ikishaenea hatutapata tena mahali pa kupimia tulipotoka.